Majimbi na Pilipili: Kila Mmea na Mahali Pake

Juma hili twatazama mimea miwili ya bustani ya nyumbani: majimbi, na pilipili kubwa ya Meksiko iitwayo poblano, ambayo si kali sana.

Majimbi hupenda maji. Yapandeni bondeni, au pale yanapomwagika maji ya kuoshea vyombo. Poblano huoza mizizi penye maji yaliyotuama. Ipandeni juu ya tuta, penye jua tele.

Miche ya poblano ikiisha kuhamishwa kutoka kitaluni, huzaa baada ya miezi 2 au 3. Majimbi hutaka miezi 7 hata 12. Lakini pilipili ni kiungo tu, nayo majimbi ni shibe ya watoto. Basi mwenye bustani ndogo ayape majimbi nafasi kubwa, na pilipili aiachie pembe moja.

Tena twawaonya: majimbi mabichi, pamoja na majani yake, huwasha koo. Yapikeni mpaka yalainike kabisa.

Mkivuna, msile yote. Kichwa cha jimbi kirudi udongoni, na mbegu za pilipili iliyoiva zikaushwe kivulini. Asiyetunza mbegu huomba kwa jirani.