Kuingia si Kukaa

Miongoni mwa maneno yanayoniudhi katika uzee wangu, hakuna linalozidi hili la wauza spea za baiskeli: "Zote ni sawa, mwalimu." Hulisema kwa upole, mkono tayari umo ndani ya kikopo cha pini. Mimi nasema si sawa, hazijawahi kuwa sawa, na anayeuza kwa kauli hiyo anauza ajali kwa rejareja.

Hebu tuitazame krenki, maana hapo ndipo uongo huu unapozaa. Baiskeli ambazo wengi wetu tumezeeka nazo, yaani Raleigh za Nottingham na jamaa zake za Kihindi na za Kichina zilizofuata umbo lilelile, hazikufunga krenki kwa boliti kama nyingi za leo. Mkono wa krenki huvikwa kwenye ekseli ya kati, kisha pini ya chuma yenye ubavu uliochongwa mshazari hupigwa ikapita tunduni, ikabana mkono na ekseli viwe kitu kimoja. Pini ya Kiingereza ina kipenyo cha milimita 9.5. Ziko za nchi nyingine za Ulaya zenye 9, na hata 8.5. Dukani zote hukaa kikopo kimoja, bila alama. Ile ya 9 itaingia katika tundu la 9.5 bila ubishi wowote, na hapo muuzaji atakwambia, "Si unaona?"

Ninachoona ni nusu milimita ya hewa. Msomaji aliyesahau somo la wenzo na alikumbuke kidogo. Mkono wa krenki una urefu wa karibu milimita 170. Nusu kipenyo cha ekseli ni karibu milimita 8. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya pedeli kupanda mlima, nguvu inayofika kwenye ukingo wa ekseli huwa imezidishwa mara ishirini na zaidi. Ni kama uzito wa kilo 1,400, nao wote unaegemea kipande cha chuma kinachocheza. Leo kitabana, kesho kitagonga, na baada ya siku si nyingi tundu la mkono litakuwa na umbo la yai. Hapo hata pini ya kipimo halali haisaidii tena. Ni kununua krenki nzima. Na pini ikikatika mlimani, anayeanguka si muuzaji. Ni kijana aliyefunga magunia mawili ya mkaa nyuma, au baba anayempeleka mgonjwa zahanati.

Simlaumu fundi wa chini ya mwembe. Yeye amerithi nyundo, tupa na kipande cha bati la kopo cha kujazia nafasi, na kwa vitu hivyo amefanya mengi ambayo mhandisi asingethubutu. Nawalaumu waagizaji wanaoleta shehena isiyo na vipimo, na nawalaumu watunga mitaala. Tangu Elimu ya Kujitegemea ya 1967 tumesikia mengi juu ya jembe. Kalipa haikupata mtetezi. Mtoto hujibu kwa ufasaha kwamba inchi moja ni milimita 25.4, kisha humaliza shule hajawahi kupima hata msumari.

Wako wanaonijibu: "Mzee, litupe hilo kongwe, ununue jipya." Wanadhani ugonjwa ni uzee. Basi wakaziangalie hizo mpya, zenye ekseli ya ncha za pembe nne. Kuna kipimo cha Kijapani na kuna kile cha ISO, vyote vina mteremko uleule, ila unene wa ncha unatofautiana kidogo sana. Krenki ya huku ukiivika ekseli ya kule, huzama kupita kiasi au hubaki nje. Kwa macho ni pacha. Naye muuzaji ana jibu lake lilelile.

Wala siungani na wale wanaoabudu uzee, wasiokubali pini isipokuwa iliyotoka Uingereza. Pini ya India yenye milimita 9.5 kamili na chuma kigumu ni halali kabisa. Tena Waingereza hao hawakuwa malaika. Watengenezaji wenzao walikata hesi ya vikombe vya ekseli kwa meno 24 katika inchi moja. Raleigh kwa fremu nyingi za kiwanda chake ikashika 26, ya peke yake. Kikombe cha 24 katika fremu hiyo huzunguka mara moja au mbili, kikakwama. Fundi huongeza urefu wa spana, na kwa mzunguko mmoja hesi ya fremu huwa imekwisha. Kiwanda cha Nottingham kilifungwa 2002, kwa hiyo hakuna wa kumpelekea malalamiko. Dawa ni kutovitupa vikombe vya zamani kama havijachimbika: zibadilishwe gololi za robo inchi, 11 kila upande, na ekseli ikiwa imelika.

Ninachodai si kikubwa. Mnunuzi aende na pini yake kuukuu mfukoni, nayo ipimwe mahali ambapo haikulika. Fundi auchonge mshazari kwa tupa hadi ulale sawasawa, kisha auegemeze mkono wa krenki kwenye kitu kizito kabla ya kupiga nyundo, asije akaziumiza gololi. Nati ni ya kushikilia tu, si ya kuvutia pini. Na muuzaji aweke kalipa juu ya meza, hata ya plastiki. Asiyetaka kupima, basi abandike karatasi juu ya kikopo chake: "Kipimo hakijulikani." Atauza vilevile, maana shida haingoji, ila mnunuzi atajua amenunua nini.