Bunduki ya Babu Ilitengenezewa Risasi Gani?

Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda Kenya mwaka wa 1909, miongoni mwa bunduki zake ilikuwamo Winchester ya muundo wa 1895, inayokokiwa kwa wenzo ulio chini ya kifyatulio. Ilitumia risasi aina ya .405. Lakini nyingine za muundo huohuo zilitengenezewa .303 au .30-40. Utazitofautisha vipi?

Kwanza, soma maandishi yaliyogongwa kwenye mtutu. Yasipokuwapo, usishangae: zile za mwanzo za muundo wa 1873 hazikuandikwa, kwa kuwa zote zilitumia risasi moja tu, .44-40.

Hata hivyo, maandishi si ushahidi kamili. Huenda baadaye fundi alipanua sehemu inapokaa risasi. Ndiyo maana fundi stadi humimina humo madini yanayoyeyuka upesi, yakiganda huyatoa na kuyapima. Vipimo visipooana na maandishi, bunduki imebadilishwa.

Usibahatishe kamwe! Risasi isiyo yake yaweza kuipasua bunduki usoni pako. Na ukiikuta sandukuni mwa marehemu babu, usiiguse. Wajulishe polisi. Tahadhari kabla ya hatari.