Faili Lililofutwa Halijaenda Mbali

Juma hili nilikusudia kuwaandikia habari za kupanga barua katika kompyuta, lakini naziacha kwanza, maana limenipata jambo ambalo laweza kumpata kila mmoja wenu mwenye kompyuta, au hata simu tu.

Katika mtaa wetu alikuwapo mzee mmoja, fundi seremala, aliyejua ukoo wake hata babu wa saba. Mwaka jana mjukuu wake aliniomba nimwandikie babu yake habari hizo kabla hazijasahauliwa, nami nikakubali. Basi kila Jumanne jioni, nikiisha kufunga kazi, mzee alikuja na fimbo yake, akaketi, akasema, nami nikapiga chapa. Tulifika kurasa 41. Jioni ya mwisho alitaja mipaka ya shamba la ukoo, mti kwa mti, na nani aliupanda kila mti. Majuma mawili baadaye alifariki.

Matanga yalipokwisha, mjukuu akaja. "Shikamoo, mwalimu. Nimekuja kwa ile kazi ya babu." Nikaitikia, nikamwambia aje kesho. Sikuwa na uso wa kumweleza ya kuwa asubuhi ile ile nilikuwa nikitafuta nafasi katika flashi ili niweke picha za harusi, nikafuta folda moja niliyoidhani ya zamani, nayo ndiyo iliyokuwa na maneno ya mzee. Nakala nyingine haikuwapo. Kosa lilikuwa langu, wala simsingizii mtu.

Nilikimbilia pipa la taka la kompyuta, nikalikuta tupu. Hapo ndipo pa kuwaonya. Katika Windows, faili ukilifuta kwenye diski ya kompyuta yenyewe huingia katika pipa, na waweza kulirudisha. Lakini ukilifuta kwenye flashi, kwa kawaida halipiti pipani kabisa. Kadhalika ukishika kitufe cha Shift huku ukibonyeza Delete, hufutika moja kwa moja, hata likiwa katika diski ya ndani. Watu wengi hawajui hayo, nami nilikuwa mmoja wao, ingawa nakaa mbele ya mashine hii kutwa.

Sasa sikilizeni jinsi kufuta kulivyo. Kompyuta ikiambiwa ifute faili, haifuti maandishi yenyewe papo hapo. Hulipiga mstari jina lake katika orodha, ikaandika ya kuwa mahali pale pa wazi. Ni kama daftari kubwa la ofisi: ukichana faharasa, kurasa za ndani zingali zimo, ila hujui tena uanzie wapi kutafuta. Zitapotea siku mtu atakapoandika mengine juu yake. Kwa hiyo mwenye kufuta kwa bahati mbaya hana budi kuuzuia mkono wake. Asiweke kitu kingine katika flashi ile, hata picha moja. Aichomoe vizuri, aiweke kando. Picha za harusi zilikuwa hazijaingia bado, nikashukuru. (Zile diski mpya za ndani ziitwazo SSD ni habari nyingine, mara nyingi mashine huzisafisha upesi, na tumaini huwa dogo.)

Ipo programu iitwayo PhotoRec, iliyotungwa na Mfaransa Christophe Grenier. Ni ya bure kabisa, nayo huja pamoja na ndugu yake TestDisk. Ijapokuwa jina lake lataja picha, hutafuta pia barua, hesabu, na sauti. Haijali orodha ya majina. Husoma diski yote na kuzitambua alama ambazo kila aina ya faili huanza nazo. Niliipakua katika kompyuta, si katika flashi, nikaiamuru iyaweke itakayoyapata katika diski ya kompyuta. Hilo msilisahau, maana ukiyarudishia katika flashi ile ile utayafunika yale unayoyatafuta. Sura ya programu yenyewe haipendezi: ni dirisha jeusi lenye maneno, nawe huchagua kwa vitufe vya mishale. Mwenye kupenda kipanya atumie ile iitwayo QPhotoRec, iliyomo katika furushi lilo hilo.

Ikaleta mafaili mamia. Majina ya zamani hayarudi, huja na namba tu. Nikafungua moja baada ya moja: ratiba, barua za kuomba mabati, orodha ya wanakwaya wa miaka iliyopita. Mke wangu akapiga simu mara mbili kuuliza kama nitalala ofisini. Yapata saa nne ya usiku nikafungua faili moja, nikaona jina la babu wa saba. Nikahesabu kurasa. Zilikuwa 35. Ile nakala iliyookoka ilikuwa ya juma moja kabla ya jioni ya mwisho. Shamba na miti yake havikuwamo.

Nitarudi kwa mjukuu. Kwanza nitaje njia nyingine za kujiokoa, maana si kila msiba wahitaji programu nzima.

Ya kwanza ni Ctrl na Z kwa pamoja, ambayo hutangua jambo la mwisho ulilolifanya. Ukibonyeza tena, hutangua la kabla yake. Ukizidisha, Ctrl na Y hulirudisha. Nimeona karani mwenzangu akilia kwa ukurasa uliotoweka baada ya kugusa kitufe kimoja, na dawa ilikuwa chini ya kidole chake. Tazama kibodi yako: Z, X, C na V zimekaa jirani katika safu ya chini, yaani kutangua, kukata, kunakili na kubandika. Mmarekani Larry Tesler, aliyefariki mwaka 2020, ndiye aliyefanya kazi kubwa juu ya kukata na kubandika alipokuwa katika maabara ya Xerox huko California, miaka ya 1970. Hapo kale wahariri walikata karatasi kwa mkasi na kuzigandisha kwa gundi. Naye akauingiza mkasi ule katika mashine.

Pili, ukinakili maneno kisha ukanakili mengine, yale ya kwanza hutoweka. Lakini tangu mwaka 2018 Windows inaweza kukumbuka mengi. Bonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na V. Mara ya kwanza itakuuliza kama wataka kuwasha kazi hiyo, kubali. Kisha itakuonyesha hadi vitu 25 ulivyonakili. Ukizima na kuwasha kompyuta huondoka, isipokuwa vile ulivyovibana kwa alama ya pini. Lakini ikiwa kompyuta ni ya watu wengi, au ya steshenari, usiwashe, maana atakayekaa baada yako ataona namba zako za siri kama ulizinakili.

Umeme nao. Word na LibreOffice huweka akiba ya dharura zenyewe, kwa kawaida kila dakika 10. Nendeni katika mipangilio, sehemu ya kuhifadhi, mpunguze ziwe 2. Umeme ukirudi, fungueni programu nayo itawapa ile akiba. LibreOffice ni ya bure, na inayo zaidi kidogo: waweza kuiagiza iweke nakala ya jinsi faili lilivyokuwa kabla hujalihifadhi mara ya mwisho. Hata hivyo mazoea ya Ctrl na S kila ukimaliza sentensi hayapitwi na kitu.

Mama mmoja ameniuliza juu ya picha za simu. Kama zatunzwa katika Google Photos na zilikwisha kupandishwa, zikifutwa hukaa katika taka siku 60. Mafaili ya Google Drive hukaa siku 30. Mama huyo alikuwa siku ya 12, akazipata zote.

Na majina ya mafaili, jamani! Nakuta "barua mpya", "barua mpya kabisa", "barua ya mwisho kweli". Anzeni jina kwa mwaka, kisha mwezi, kisha siku, hivi: 2025-03-18, ndipo jina la jambo. Kompyuta itayapanga yenyewe kwa taratibu ya siku. Kama ningalifanya hivyo, folda ya mzee nisingaliidhani ya zamani.

Mjukuu alikuja asubuhi. Nilimweleza yote, bila kuficha kurasa 6 zilizopotea. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Shangazi yangu yu hai, mwalimu. Alikuwa akienda shambani na babu tangu utoto." Nikampa kurasa 35, naye hakutaka niwe nazo peke yangu tena, akaniomba nimtumie na kwa barua pepe, nikamtumia pale pale.

Jumamosi iliyopita walikwenda na shangazi huyo, na jirani mmoja wa mpaka wa mashariki, wakipita mti kwa mti. Miembe miwili haipo tena, imekatwa. Shangazi anakumbuka visiki vilipokuwa. Jirani anakumbuka mahali pengine, hatua kama 20 hivi. Jambo hilo bado halijaisha, nami kila nikilisikia najua lingalikwisha kwa ukurasa mmoja.

Yale waliyokubaliana nimeyaandika. Sasa nakala ni 3: moja katika kompyuta ya ofisi, moja katika flashi iliyomo katika bahasha nyumbani kwangu, moja katika barua pepe ya mjukuu. Na kwa kuwa shangazi haamini mashine, nimempigia chapa karatasi, ameiweka katika sanduku lake la nguo.