Msinipigie Windows

Nina ugomvi na sentensi moja: "Tupige Windows tu."

Niliisikia tena Desemba, nilipokuwa nyumbani Chala kwa likizo. Pipa la taka la laptopu yangu lilikataa kumwagwa. Nabofya, linahesabu, linafika mwisho, halafu uchafu uko palepale na diski imejaa kiasi kwamba sura ya tatu ya tasnifu haihifadhiki. Nikaipeleka kwa kijana mmoja anayetengeneza simu na kompyuta kando ya barabara ya Namanyere. Hakuuliza kuna nini ndani. "Dada, tupige Windows tu, jioni unachukua mashine yako."

Nikaifunga laptopu nikaondoka. Nadhani aliona nakimbia bei.

Mwaka juzi, mjini, niliikubali sentensi hiyohiyo kwa fundi mwingine. Ndani mlikuwa na saa sita za mazungumzo na mzee jirani yetu, mtoto wa mhunzi, kuhusu malungu: yale matanuri ya Ufipa marefu kupita mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilikuwa hakijawa jembe bado. Kilirudishwa motoni mara ya pili, katika tanuri dogo, kikasafishwa. Wanaakiolojia kama Bertram Mapunda wameyaandika haya vizuri, lakini mzee alikuwa na majina ya watu, matusi ya kazini, na namna ya kunicheka kila nilipokosea Kifipa. Sikuwa na nakala. Hilo ni kosa langu na simbandiki mtu. Nilirudishiwa mashine nyepesi, safi, pamoja na zawadi ya muvi za Kikorea. Nilipokwenda kumwomba mzee tuanze upya, nilikuta wameshaanua matanga.

Kinachonichoma zaidi nilikijua baadaye. Kwenye diski ya kawaida ya kuzunguka, kama ile yangu, kufuta si kuchoma. Kompyuta huandika tu kwamba nafasi ile sasa ni wazi. Sauti yenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Yaani hata baada ya kosa la kwanza palikuwa na mlango. Tuliuziba kwa Windows mpya na mapenzi ya Seoul.

Sasa lile pipa la Chala. Mara nyingi pipa hukataa kwa sababu kuna programu imeshikilia faili. Unazima, unawasha, limekwisha. Langu lilikuwa limeharibika lenyewe, maana pipa nalo ni folda tu, iliyofichwa katika kila diski. Nilikagua kwanza kama mna kitu cha kuokoa. Kisha nikafungua dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, nikaandika rd /s /q C:\$Recycle.Bin, nikawasha upya. Windows ikajitengenezea pipa jipya. Dakika tano, na chai haijapoa.

Najua jibu la mafundi. Kupiga Windows kuna bei inayojulikana. Saa nzima ya kutafuta ugonjwa nani atailipa? Foleni ipo, umeme unaweza kukatika, mteja anawahi gari la Sumbawanga. Yote kweli. Na sisi wateja ndio tunaotaka mashine irudi kama mpya, hatutaki maelezo. Lakini hakuna anayekubali nyumba ibomolewe kwa sababu choo kimeziba, hata kama mbomoaji ni wa bei rahisi na ana haraka. Kwenye kompyuta tunakubali, tunasema asante, kisha mwalimu anaandika upya alama za muhula mzima na mwanafunzi anakwenda kuomba sauti kaburini. Fundi asiyeuliza "una nakala?" kabla ya kugusa diski hajatengeneza kitu, hata mashine ikiwaka.

Kesho yake nilirudi kwa yule kijana kununua flashi mbili. Nikamsimulia.

"Sasa dada, si ungeniambia kuna sauti za wazee humo?"

"Si ungeniuliza?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akachukua karatasi ya fotokopi iliyoharibika, akaigeuza upande mweupe, akanipa kalamu nimwandikie ile amri.