Kompyuta ya nyumbani ikiugua, pima kwanza kabla ya kumchapa mtoto

Jumapili moja nilikwenda Ntalikwa, Tabora, kumsalimia shangazi. Nilikuta nyumba imenuna. Kijana wake wa kidato cha tatu alikuwa amekaa peke yake chini ya mwembe, macho mekundu, na "shikamoo dada" yake ilitoka kwa shida.

"Muulize mwenyewe alichokifanya," shangazi akaniambia.

Laptopu ya nyumbani ilikuwa imebadilika. Ukifungua intaneti, matangazo ya kamari na picha za utupu yanajitokeza yenyewe. Ukichomeka flashi, folda hazionekani, zimebaki alama za njia ya mkato tu. Shangazi ni mweka hazina wa kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa, na hesabu za mwaka mzima zilikuwa kwenye flashi hiyo. Mkutano wa kugawana fedha ulikuwa umebakiza siku nne. Fundi alishamwambia dawa ni "kupiga window", yaani kufuta kila kitu na kuanza upya. Na mtoto alishachapwa kwa kosa la kuangalia picha chafu.

Mimi ni mwandishi wa afya, si fundi. Lakini nikamuuliza: "Shangazi, mtoto akichemka mwili si tunampeleka akapimwe kwanza? Mbona hapa umeanza na dawa, tena na adhabu juu yake?"

Si kila homa ni malaria

Kompyuta kuwa nzito peke yake si ushahidi wa kirusi. Diski ikijaa, feni ikiziba kwa vumbi au mashine ikiwa ya zamani, kazi itakwenda polepole tu. Dalili za kutia shaka ni hizi: matangazo yanatokea hata usipofungua tovuti yoyote, ukurasa wa kwanza wa intaneti umebadilika bila wewe kuubadilisha, kuna programu usiyokumbuka kuiweka, marafiki wanapokea ujumbe ambao hukuutuma, na kubwa zaidi, kinga ya virusi imezimwa na ukiiwasha inagoma.

Ugonjwa unaodanganya kipimo

Virusi vingi huonekana ukivipima. Lakini kuna aina iitwayo rutikiti, ambayo huingia chini kabisa kwenye mfumo wa kompyuta na kuuamuru uwafiche wezi waliomo. Ukiiuliza mashine "ni programu gani zinafanya kazi sasa?", inakutajia zote isipokuwa ile mbaya. Ni sawa na mgonjwa aliyemhonga mpimaji wa maabara: majibu yatatoka safi kila siku.

Na haiingii kwa wenye tabia mbaya peke yao. Mwaka 2005 mtaalamu wa Marekani, Mark Russinovich, alikuta rutikiti kwenye kompyuta yake mwenyewe. Ilitoka kwenye CD halali ya muziki ya kampuni ya Sony BMG, iliyokuwa inajificha ili kuzuia watu wasinakili nyimbo. Kampuni ililazimika kuziondoa CD hizo sokoni. Mtu alinunua muziki dukani, akarudi nyumbani na ugonjwa.

Tenga, pima, tibu

Kwanza, itenge mashine. Zima intaneti na chomoa flashi. Usifungue benki wala barua pepe humo. Badilisha nywila zako ukitumia simu au kompyuta nyingine unayoiamini, kwa sababu kirusi kinaweza kunakili kila unachoandika.

Pili, pima mara mbili. Kwenye Windows 10 na 11 kuna kinga ya bure, Microsoft Defender. Ukiona imejizima yenyewe, usiseme "ndiyo zake". Anza na uchunguzi kamili, si ule wa haraka. Kisha, kwenye orodha ya namna za uchunguzi, chagua Microsoft Defender Offline. Hifadhi kazi zako na chomeka chaja kwanza, maana kompyuta itajizima na kuwaka upya, kisha itachunguzwa kabla mfumo wake wa kawaida haujaamka. Hapo ndipo mpimaji anapompima mgonjwa aliyelala, asiyeweza kumhonga. Kwa kawaida huchukua kama dakika 15.

Tatu, tibu kwa kadiri ya ugonjwa. Kirusi cha kawaida kikiondolewa na dalili zikaisha, inatosha. Lakini ikithibitika ni rutikiti, au dalili zinarudi kila mara, hapo "kupiga window" ni dawa halali. Nakili kwanza nyaraka na picha tu, usinakili programu, na mwambie fundi atumie Windows halali. Ile ya "kraki" mara nyingi ndiyo yenye ugonjwa.

Tulichokikuta

Uchunguzi ulikamata kirusi cha flashi pamoja na programu ya matangazo. Rutikiti haikuonekana. Hesabu za kina mama hazikufutwa, zilikuwa zimefichwa. Tulipoiambia kompyuta ionyeshe faili zilizofichwa, folda zote zikatokea, na hakuna aliyebofya zile njia za mkato, kwa kuwa ndizo zinazokiamsha kirusi.

Tukaangalia tarehe ya alama hizo. Ilikuwa Alhamisi mchana, shangazi alipokwenda mjini kuchapisha fomu za kikundi kwenye duka la steshenari. Muda huo kijana alikuwa darasani. Flashi ya katibu wa kikundi, aliyechapisha hapo hapo, ilikuwa na alama zilezile.

Shangazi alinyamaza kwa muda. Kisha akatoka mwenyewe mpaka chini ya mwembe. Sikusikia walichosema, ila jioni tulikula meza moja.

Kinga ya nyumbani

Ruhusu mfumo ujisasishe. Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilivuruga hospitali za Uingereza hadi wagonjwa wakaahirishiwa miadi, wakati Microsoft ilishatoa kinga tangu Machi. Kumbuka Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya bure Oktoba 14, 2025. Mfungulie mtoto akaunti yake isiyo na mamlaka ya kuweka programu. Flashi ikitoka steshenari, ipime kabla ya kuifungua. Bora zaidi, tuma faili la kuchapisha kwa barua pepe. Nyaraka muhimu ziwe na nakala mahali pengine pasipounganishwa na kompyuta hiyo.

Na mtoto akikwambia "mama, kompyuta imeingia kitu", usimkaripie. Akiogopa fimbo, mara nyingine atanyamaza, na ugonjwa utakuwa umeshasambaa ndipo uujue.