Skrini Haina Masikio

Wasee wa kutengeneza muziki, leo tuongee ukweli. Siku hizi ukiingia kwa chumba cha produsa kijana, iwe Umoja ama Rongai, utampata anamiksi kwa macho. Amekodolea grafu kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani. Akiona kamlima pale 300 hertz, anakafyeka hata kabla hajasikia kama kanasumbua. Ukimuuliza kwa nini, ni kwa sababu msee fulani wa YouTube alisema hapo ndipo uchafu hukaa.

Uchafu wa nani, sasa? Huyo msee alikuwa anamiksi trap. Trap inataka kiki na besi nzito kule chini, sauti ya rapa juu, halafu katikati kubaki wazi. Chukua settings hizo uziweke kwa benga uone. Kwa benga gitaa ndilo linaongoza, linajibizana na mwimbaji, na besi inakimbia nyuma yao bila kupumzika. Sherehe yote iko hapo katikati. Ukipafyeka, umebaki na ngoma safi kabisa ambayo hakuna mtu atainuka kuicheza. Na wewe uliyekua ukisikia hayo magita kwa matanga, harusi na redio ya fundi wa viatu, unajua vile yanafaa kulia. Hiyo ni experience, hata kama haina cheti.

Najua mtaniambia, "Buda, sina spika za maana." Sawa. Yamaha walitoa spika zinaitwa NS-10 mwaka wa 1978, za kusikizia muziki nyumbani. Nyumbani hazikupendwa, zilikuwa kali masikioni. Lakini mainjinia wa studio wakazichukua, zikajaa studio kubwa za dunia. Hazikuwa tamu, ni vile tu walizizoea hadi wakajua zinadanganya wapi. Kwa hivyo hizo earphone zako za Luthuli ambazo umesikizia kila kitu kwa miaka mitatu, mimi naziamini kuliko hedifoni za bei kali ulizonunua jana.

Si ati masikio hayadanganyi. Yanadanganya sana, hasa kuhusu volume. Tangu 1933, Fletcher na Munson walionyesha kwamba sauti ikiwa chini, sikio husikia besi kidogo kuliko vile iko. Ndio maana kila kitu kinanoga ukifungulia. Unaongeza plagini, ngoma inapanda volume kidogo, unasema, "Manze, imeiva!" Haijaiva, imepiga kelele zaidi. Sawazisha volume kwanza, ndio ulinganishe. Na ukimiksi masaa manne mfululizo, enda ukanywe chai. Masikio yakichoka huwa hayakuambii.

Halafu kuna hii vita ya -14 LUFS. Spotify kwa kawaida husawazisha ngoma karibu na hapo wakati wa kuzicheza. Hiyo ni kazi yao, si sheria ya vile unafaa kumiksi. Dereva wa nganya hajui LUFS ni nini, lakini kwa sekunde kumi ameshaamua kama ngoma yako inabaki ama inarukwa.

Kinachoniuma ni msanii. Amechanga pesa na marafiki, ameleta ngoma iko na harufu ya kwao, halafu anarudishiwa kitu kinafanana na ngoma zingine mia, kwa sababu preset ilisema hivyo.

Wiki hii jaribu kumiksi ngoma moja ukiwa umezima skrini, volume ya kuongea tu. Ukimaliza, ichezee kwa simu ya mathako jikoni, sufuria zikigongana. Kamba nene ya gitaa la besi hulia karibu 41 hertz, na spika ya simu haiwezi kufika huko. Kama bado unaweza kuimba laini ya besi ukiisikia hapo, basi itume.