Deni la Ufukweni na Wapangaji wa Kaptembwo



Mama anayeuza mboga hapa Kaptembwo hana nafasi ya kuwa na deni. Asipokata tikiti ya soko asubuhi, vitu vyake vinachukuliwa. Lakini tajiri mwenye mkahawa ukingoni mwa ziwa aweza kukaa miaka bila kulipa kodi ya ardhi, ile tunayoiita reti, naye huandikiwa barua tu. Halafu hungoja msamaha wa riba. Kaunti zetu zimetoa misamaha hiyo mara nyingi, na kila mara anayefaidika ni yule aliyechelewa. Aliyelipa kwa wakati hapewi hata asante.

Tangu ukoloni, desturi ya Kenya ni kupima thamani ya kiwanja kitupu, wala si jumba lililo juu yake. Mimi naiona desturi hiyo ni ya haki. Kiwanja cha ufukweni kina bei kubwa kwa sababu gani? Ziwa hakulichimba mwenye mkahawa. Barabara ya kutoka Nairobi imejengwa kwa kodi za watu wote, na wageni wanahudumiwa na vijana wetu. Basi akikosa kulipa, anaishika mali tuliyoitengeneza sisi.

Tazameni Naivasha. Kwa mapatano ya mwaka 1933, wenye mashamba kandokando ya ziwa waliruhusiwa kutumia ardhi inayotokea maji yanapopungua, ingawa si yao. Maji yakirudi nyuma, bustani inapanuka bure. Maji yalipopanda mwaka 2020, waliohama kwa wingi ni wapangaji wa Kihoto, na wengi wao ni wafanya kazi wa maua.

Kupima nako ni shida. Nairobi ilitumia daftari ya thamani ya mwaka 1982 kwa zaidi ya miaka thelathini, na bei ya viwanja ikipanda kila siku! Mwaka 2024 Bunge lilitunga sheria mpya ya kodi za ardhi, lakini sheria haiendi yenyewe kumgongea mtu mlango.

Wako ndugu wanaosema hoteli yenye deni ifungwe kwa kufuli. Mimi sikubali. Kufuli humwumiza kwanza mpishi na mhudumu, na mshahara wao ndio unaolipa chumba huku Kaptembwo. Kiwanja hakikimbii. Mwenyewe apelekwe kortini, deni liandikwe juu ya hati yake, na kama amekodisha, kodi ya pango ielekezwe kwa kaunti mpaka deni liishe. Ni kweli kwamba mtu hawezi kuhamisha hati bila cheti cha kumaliza reti, lakini asiyetaka kuuza cheti hicho hakimtishi kitu.

Na pengo la fedha hujazwa na nani? Ni tikiti ya soko, na ni mwenye ploti hapa kwetu, ambaye akidaiwa huongeza kodi ya chumba mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo, kaunti ikiita watu kutoa maoni juu ya Sheria ya Fedha ya mwaka, kila tawi lipeleke mtu, naye aulize mbele ya wote: wadaiwa wakubwa wa reti ni akina nani, na kila mmoja anadaiwa shilingi ngapi? Wanachama wa mahoteli nao wachunguze kama tajiri wao ni mwenye kiwanja au ni mpangaji, watuletee habari ofisini kabla ya siku hiyo.